Sauti Ndani ya Mkia

Jua lilikuwa linazama fundi aliporudi bandani na mfuko wa ribiti, misumari ya kubania mabati ya ndege.

"Kifupi, bado upo?"

"Nipo, dada. Fanya hima, huku ndani napikwa."

Kifupi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Jina alibandikwa na wenzao wa kikundi, maana ni yeye peke yake aliyeweza kutambaa hadi mkiani mwa ndege bila kukwama. Walikuwa watu wanaopenda ndege kuukuu kama wengine wanavyopenda mpira. Hii waliiokota vipande vipande mlimani ilikoangukia zamani, wakaiita Bibi, wakaanza kuifufua. Kila bati lilipopona, picha ilirushwa kwenye kundi la simu na wapenzi wa ndege walio mbali wakashangilia.

Lakini wenye uwanja wa ndege lilipokuwa banda hilo walishachoka. Kesho Bibi aburutwe hadi banda jipya, la sivyo akatwekatwe awe chuma chakavu. Mkia wenye tundu ungepasuka njiani. Bati moja tu lilikuwa limebaki. Wenzao walikwenda kutafuta trekta.

Kupiga ribiti ni kazi ya wawili. Fundi alipiga kutoka nje. Kifupi, ndani gizani, aliegemeza chuma nyuma ya ribiti. Ribiti ikikaa vizuri, aligonga mara moja. Ikikaa vibaya, mara mbili.

Ta-ta-ta. Ngo.

Ta-ta-ta. Ngo.

Giza likaingia. Harufu nayo ikaja... si ya rangi, si ya mafuta. Udongo mbichi. Majani yaliyooza.

"Unaisikia harufu hiyo?"

Ngo.

Akapiga ribiti ya mwisho, akafuta jasho. "Tumemaliza! Toka tumpige Bibi picha."

"Nimeshatoka, dada."

Sauti haikutoka mkiani. Ilitoka mbele, kwenye mlango wa abiria. Mtu mfupi alisimama pale kizani, mabega yaleyale, kichwa kilekile. Fundi akacheka. "Umetambaa lini, we panya?"

Ndani ya mkia, chuma kikagonga bati.

Mara mbili.

Kisha mnong'ono: "Dada... unaongea na nani?"

Fundi akageukia mkia.

"Nifungulie, dada. Siwezi kurudi mbele. Kuna kitu kimenishika miguu..."

"Usifungue," akasema wa mlangoni, taratibu. "Mimi nilitoka mapema, nikakuita, hukunisikia kwa kelele za nyundo. Huyo anayegonga simjui."

Fundi akammulika kwa simu. Kovu la kidevuni lilikuwepo. Doa la grisi shavuni lilikuwepo.

"Utotoni mama alikuwa akikuitaje?"

"Kijiko."

Walijibu wote wawili. Kwa pamoja.

Ndani ya mkia kilio kikaanza, kilio cha mtu anayeishiwa pumzi, kucha zikikwaruza bati. Ee Mungu, amfuate nani? Akinyakua drili na kuzing'oa ribiti, anaweza kumtoa asiyemjua. Akikaa, anamzika ndugu yake ndani ya bati alilolipiga kwa mikono yake mwenyewe.

Akainyakua drili.

"Dada," wa mlangoni akalia sasa, "unaniacha mimi?"

Hakumtazama. Alitoboa ribiti moja baada ya nyingine, machozi yakimpofusha, akalipinda bati kwa mikono hadi viganja vikachanika. Mikono miwili ikatoka gizani, baridi kama mawe ya mtoni. Akaivuta. Kifupi akamwangukia kifuani, akihema.

Fundi alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Nje, hatua zilikuwa zikienda mbali, polepole... hatua za mtu anayelia.

Trekta ilipofika, mkubwa wa kikundi alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa.

"Kule mlimani rubani alipatikana na kuzikwa," alisema. "Msaidizi wake hakuonekana hata mfupa. Niliwaficha habari hiyo. Niliogopa mngeacha kazi."

Wakaziba tundu kwa mbao na kamba, Bibi akahamishwa usiku huohuo. Hajakatwa. Mpaka leo watu wanakuja kumtazama.

Kifupi naye yupo nyumbani. Anakula, anatania, anakumbuka kila kitu. Fundi alikwishaanza kupumua kwa amani, hadi asubuhi moja mama yao alipomvuta jikoni na kufunga mlango.

"Usiku ule mliporudi," alinong'ona, "mmeshalala, mtu alibisha. Akaniita mama. Sauti ya mdogo wako, mwanangu... analia, anaomba nimfungulie."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nilichungulia chumbani. Mdogo wako yuko kitandani. Ningefungua vipi?"

Tangu hapo, kila jioni fundi huenda uwanjani peke yake. Husimama ukingoni, penye majani, zilikopotelea hatua zile, akamwita mdogo wake kwa sauti ndogo sana... huku akiomba asiitikiwe.