Mshono wa Kwapani

Jua lilikuwa linazama, na mtunza nyumba ya makumbusho alikuwa keshaanza kufunga madirisha. Wageni wengine walishaondoka na kamera zao. Walibaki wawili tu: Mwalimu na mkewe, ambaye mtaani kwao kila mtu, hata mumewe, alimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake.

"Dakika tano tu, mama," Mwalimu aliomba. "Tumetoka mbali."

Mbali kweli. Ndege mbili, basi moja, na wiki nzima ya kuzunguka nchi ya watu: ngome, makaburi, ofisi za kumbukumbu zenye majalada yanayonuka panya. Mwalimu alifundisha historia, basi kila jiwe lazima asimame mbele yake na kulihubiri. Miguu ilimvimba Fundi, lakini hakunung'unika. Yeye hakuja kutalii. Alikuja kumtafutia mumewe uhai.

Maana Ijumaa Mwalimu anatimiza miaka arobaini, na wanaume wa kwao hawaitimizi. Kaka yake mkubwa alilala na thelathini na tisa yake, hakuamka. Wa pili, hivyo hivyo. Madaktari walipima mpaka wakachoka: moyo mzima, damu safi. Ni baba yao tu aliyezeeka, na hakuwahi kusema alivukaje. Mwalimu mwenyewe mwaka huu wote usingizi ulimkimbia. Ni mama mkwe aliyetoa wazo. "Nendeni kwenye nyumba ya asili ya ukoo," alisema. "Lakini usiende peke yako, mwanangu. Nenda na mkeo."

Leo ilikuwa Jumatano, na nyumba yenyewe ndiyo hii.

Mtunza nyumba, mama wa makamo mwenye kitambulisho kifuani, aliisoma karatasi ya ukoo waliyoipata kwenye kumbukumbu. Akamtazama Mwalimu. Kisha akamtazama Fundi, na huyo alimtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Kumbe wa humu humu," alisema. "Na huyu ndiye mke wetu?"

"Ndiye."

"Karibu nyumbani, mke wetu."

Akafunga mlango mkubwa kwa ndani. Kacha! Akamvuta Mwalimu pembeni wakanong'ona kidogo, naye Mwalimu akatia kitu mfukoni. Fundi hakujali. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kioo wenye majina ya ukoo, akipiga hesabu za miaka. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Tena thelathini na tisa. Huyu hapa, themanini na moja! Na huyu, sabini na sita. Wote walioishi walikuwa wameoa mara mbili. Wanaume bwana, akawaza, na karibu acheke.

"Kuna namna," mtunza nyumba alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Kuna shati la babu wa kwanza wa ukoo. Mke wa mwenye damu akiuziba mpasuko wake, mume anaweza kuvuka."

"Kuziba tu?" Fundi aliuliza. "Kushona?"

"Kushona."

Jamani! Mwaka mzima wa kulia, kumbe ni kazi ya dakika kumi? Alitamani kumkumbatia yule mama. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na Fundi akadhani anajizuia asilie kwa furaha.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Hakikunuka vumbi. Kilinuka nguo iliyotoka kupigwa pasi... sasa hivi. Shati lilivalishwa kwenye sanamu la mbao lisilo na kichwa, kama lile la dukani kwake. Kitambaa kimekuwa cha njano, kola imeliwa na wadudu. Chini ya kwapa la kushoto mshono ulikuwa umefumuka, urefu wa shubiri moja. Sindano ilikuwa imechomekwa pale pale, na uzi wake ukining'inia.

Fundi akaingiza vidole ndani ya mpasuko apime upana.

Akavitoa haraka.

Palikuwa na joto. Palikuwa na unyevu, jasho la mtu.

"Endelea," Mwalimu alinong'ona. "Tafadhali."

Akaendelea. Kwa ajili yake angeshona hata nyoka. Sindano ilipoingia, shati lilivuta pumzi. Ilipotoka, likashusha. Hhhh... Hhhh... Mikono ya Fundi haikukosea, maana ilikuwa imezoea kazi. Akapiga tundu baada ya tundu mpaka mpasuko ukafumba mdomo. Akafunga fundo na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Mkasi."

Mkono ukabaki hewani, mtupu.

"Nipe mkasi basi, vidole vimekufa ganzi."

"Sina," Mwalimu alisema. "Si ukate kama kawaida yako?"

Kawaida yake ilikuwa kukata uzi kwa meno. Miaka kumi na mmoja Mwalimu amemtania kwa hilo: utabaki kibogoyo, Fundi, nani atakutafunia nyama? Leo ndiye anayemwambia! Fundi akatabasamu katikati ya hofu yake, akainama, akauma.

Tk.

Uzi ulikuwa na chumvi. Shati likanywea kwenye sanamu, likawa baridi, nguo kuukuu tu.

Kisha akahisi mchomo.

Chini ya kwapa lake la kushoto. Mmoja. Halafu wa pili, pembeni kidogo. Halafu wa tatu, umbali ule ule. Hakuona sindano wala mkono, lakini aliutambua ushonaji. Ulikuwa wake.

Mtunza nyumba aliketi chini, akashusha pumzi.

"Nilimpa mkasi," alisema. "Pale mlangoni. Kila mwanaume wa nyumba hii nampa mkasi mkononi, aamue mwenyewe. Uzi ukikatwa kwa chuma, kitu kinabaki kwenye damu yao. Ukikatwa kwa meno ya mke, kinamhamia mke."

"Kitu gani?"

"Sijui, mke wetu. Mimi nafungua na kufunga milango tu."

"Kaka zake..."

"Walikuja, wote wawili. Wao waliwapa wake zao mkasi."

Fundi akamgeukia mumewe. Alitaka tu aambiwe ni uongo. Hata uongo wa kitoto angeupokea, angeushika kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

Mwalimu alifungua mdomo kumjibu.

Akapiga mwayo. Mwayo mrefu, mtamu, wa mtu ambaye hajalala mwaka mzima.

Kwenye teksi alimshika vizuri, mkono begani, maana alikuwa mume mwenye adabu. Chumbani kwenye nyumba ya wageni Fundi alivua blauzi, akasimama mbele ya kioo na wembe mkononi. Mshono ungeonekana, angeufumua. Kufumua ndiyo kazi yake pia. Lakini ngozi ilikuwa laini, haina hata alama, na ndani yake sindano iliendelea taratibu kuelekea kifuani. Kila tundu, pumzi yake ilifupika kidogo. Na macho... macho yalikuwa mazito.

Akajilaza. Simu ya Mwalimu ikaita. Sauti ya mama mkwe siku zote ilisikika mpaka chumba cha pili.

"Imekubali?"

"Imekubali, mama."

"Alhamdu... basi. Akilala usimwamshe. Baba yako alimwamsha mke wake wa kwanza, akateseka siku tatu bure. Umekula lakini?"

"Bado."

"Kula, mwanangu."

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomuumiza Fundi kuliko sindano: bado alimpenda, na yeye bado alipendwa, na haikusaidia kitu.

"Niamshe," alinong'ona. Ulimi ulikuwa unamgomea. "Nikisinzia... nipige kofi, nimwagie maji. Siku tatu ni siku tatu. Nitarudi kule, nitamlazimisha mtunza nyumba afungue... Usiniache nilale. Niapie."

"Naapa," Mwalimu alisema. Akamfunika shuka mpaka shingoni, akanyoosha mkono, akazima taa.