Neno la Kumi na Tatu

Kompyuta ilinukia haludi. Si chumba, wala si nguo za Jalila. Ilikuwa kompyuta yenyewe, pale feni yake ilipopuliza hewa ya moto ubavuni. Jalila aliinama akanusa tena ili awe na hakika. Ilikuwa haludi, manukato mazito ya kiume, yale yanayopakwa kwenye kanzu siku ya nikaha, na katika nyumba ile ya Mtongwe hapakuwa na mwanamume aliyelala tangu babu yake kufariki.

"Bibi, umejipaka haludi?"

"Nijipake niende wapi?" Bibi Mwanamkasi alijibu kutoka ukumbini, alipokuwa akichambua kunde. "Labda ni ya huyo mchumba wako. Jana alijimwagia manukato kama bwana harusi, na harusi hata tarehe haina."

Jalila akacheka, akayaacha hapo.

Jana yake Luqman alikuwa amevuka kutoka Magongo, baada ya zamu yake kwenye yadi ya makontena, ili waweke pochi ya sarafu za kidijitali kwenye kompyuta ya nyumbani. Jalila alikuwa akinakili mahojiano kwa watu wa ng'ambo waliomlipa kwa sarafu hizo. Luqman naye alikuwa amegeuza akiba yake yote kuwa sarafu hizo hizo, ipate kujenga vyumba viwili vya kuanzia maisha. Mlango waliuacha wazi, kwa kuwa walikuwa wachumba tu, na Bibi aliketi mahali alipoweza kuwaona.

"Luqman, baba, hicho kiti chako chatembea? Nilikiona kule, sasa nakiona huku."

"Maandishi ni madogo, Bibi."

"Basi vaa miwani. Usimvae mjukuu wangu."

Jalila hakuwa mtu wa kukisia. Alisoma maelezo yote, akahakikisha kwamba programu ni halali kabla ya kuifungua, kisha akazima intaneti. Programu ikatoa maneno kumi na mawili yaliyokuwa ufunguo wa pochi. Luqman akayanakili kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Halafu programu ikauliza kama wangependa kuongeza neno moja la kutunga wenyewe, neno lisilohifadhiwa popote, litakaloulizwa kila pochi ifunguliwapo.

"Hilo liwe lako," Luqman alisema. "Kompyuta ikiharibika, mimi nina kumi na mawili, wewe una moja. Hakuna atakayefungua bila mwenzake." Akageuza uso ukutani asije akaona vidole vya Jalila.

Jalila alitaka neno lisilo katika kamusi yoyote, ambalo hakuna mtu angelikisia, na ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisahau. Alikuwa nalo moja tu.

Alipokuwa mtoto aliugua, akawa anazungumza kwa sauti ya kiume. Maalim aliyeitwa alimshurutisha aliyekuwa ndani yake ataje jina lake, naye akalitaja, akasema kwamba msichana huyu ni mkewe na hatamwacha kwa mwanamume yeyote. Jini huyo alitolewa kwa sharti. Yeye aende zake, na nyumba hiyo isimwite kwa jina tena, kwani akiitwa huja. Chuo kikuu Jalila alijifunza kuyaeleza yale yote kama malaria iliyopanda kichwani. Jina lakini alibaki nalo. Jina lenyewe haliandikwi hapa.

Aliliandika. Programu ikamtaka aliandike mara nyingine, kuthibitisha. Kisha wakawasha intaneti, Luqman akahamishia humo akiba yake yote.

Siku zilizofuata kila alipofungua pochi harufu ilitangulia. Kando ya kila malipo palikuwa na nafasi ya kuandika maelezo, na kando ya sarafu za Luqman Jalila alikuwa ameandika "Luqman". Asubuhi moja alikuta pameandikwa "Mgeni". Alidhani amekosea, akasahihisha, akahifadhi. Alipofungua tena, "Mgeni" alikuwa amerudi, na kando ya malipo yake mwenyewe palisomeka "Mke wangu".

Kidole cha pete kikavimba. Pete ya uchumba ikazama katika nyama, haizunguki, haitoki.

Jioni Luqman alipiga simu. "Nani yuko karibu nawe?"

"Bibi."

"Bibi hapumui hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Jalila, huyo ni mwanamume. Nikitaja jina lako, yeye huguna."

Siku ya pili yake, adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa mzima umenyamaza kwa joto, Jalila alifungua pochi ili arekebishe maelezo yale kwa mara ya mwisho, na alipomaliza kuandika lile neno akasikia kiti cha pembeni, kile ambacho Luqman hukalia, kikiburuzwa sakafuni polepole kumwelekea, kikisimama, kikiburuzwa tena, hadi mguu wake wa mbao ukagusa mguu wa kiti chake, na mto wake ukabonyea kama unavyobonyea mtu anapoketi, na joto la mwili likamfikia begani, na haludi ikamjaa puani mpaka mate yakawa machungu, na kitu kizito, laini, chenye subira kikaulalia mkono wake uliokuwa na pete, kikaanza kuibinya pete kama anayetaka kujua imeshikilia kiasi gani.

Bibi aliingia na ungo wa kunde. Alinusa mara moja tu. Kunde zikatawanyika sakafuni.

"Umemwita," alinong'ona.

"Sikumwita, Bibi. Niliandika tu."

"Uliandika nini?"

"Jina lake. Liwe neno la siri."

"Astaghfirullah! Jalila, masomo yote yale hukuona jina jingine?"

Maalim Mansur, mtoto wa yule aliyemtibu zamani, alifika alasiri. Alifukiza chumba, akaandika aya za kombe kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, Jalila akanywa. Kiti kikasogea chenyewe hadi pembeni, kikatulia.

"Hajaondoka," Maalim alisema chini chini. "Amekaa kando, asubiri. Asipoitwa atachoka. Lakini ukimwita tena, kwa mdomo au kwa mkono, simtoi mimi, wala hangemtoa baba yangu."

"Na akiba ya Luqman iliyo ndani?"

"Iache."

"Nikimpa Luqman lile neno, afungue yeye?"

Maalim alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, jini huyo amchukia nani? Huyo mchumba wako akilitaja, ataendewa yeye. Na hataendewa kwa mapenzi."

Jumamosi Luqman alikuja kabla ya adhuhuri, mchangamfu, amepata fundi wa msingi. "Fungua, mama, tumtumie cha kuanzia."

Jalila aliketi. Bibi alisimama mlangoni. Vidole vikaandika neno jingine, la kubahatisha. Programu ile ilitengenezwa isimwambie mtu kwamba amekosea. Kila neno hufungua pochi yake, na pochi ya neno lile haikuwa na kitu. Luqman akainama kwenye kioo. Akasoma sifuri. Akasoma tena.

"Ziko wapi?"

"Zipo. Nimeandika neno silo."

"Andika ndilo."

"Siwezi."

"Basi nitajie, niandike mimi."

"Siwezi, wallahi."

Alimgeukia taratibu. "Ni jina la mtu?"

Jalila hakujua kudanganya. Akaitazama pete.

"La mwanamume?"

"Luqman, ni jini. Nilikuwa mtoto—"

"Jini!" Alicheka, cheko fupi lenye uchungu. "Msomi mzima, umekosa uongo unaokufaa? Nimemsikia kwenye simu. Nimemnusa hapa mlangoni, haludi yake ni ya ghali kuliko yangu. Sitaki hata hizo sarafu. Nitajie tu anaitwa nani."

Jina lilikuwa juu ya ulimi. Kulitaja kungemrudishia Luqman vyumba vyake viwili na Jalila heshima yake, naye Luqman angeamini, maana angeyaona kwa macho yake. Na nyuma ya bega la Luqman kile kiti cha pembeni kilikuwa kimeanza tena kuburuzika, inchi kwa inchi, bila haraka, mto wake umebonyea, kikimkaribia Luqman sasa, kama mtu anayeinama kusikiliza asipitwe na herufi hata moja.

Jalila akafunga mdomo, akauma ulimi hadi damu.

"Haya," Luqman alisema. "Baki naye."

Aliinuka. Pale pale pete, iliyokuwa imezama katika nyama, ikateleza kidoleni kama iliyopakwa mafuta, ikaanguka sakafuni. Luqman aliitazama ikizunguka hadi ilipolala. Hakuiokota. Alivaa viatu bila kuvifunga, akatoka kwenye jua.

Jalila alikimbia hadi kizingitini. "Luqman!"

Hakugeuka.

"Luqman!"

"Labeka," ikaitika sauti ya kiume kutoka chumbani, nyuma yake, kwa upole mkubwa.