Mstari Alioruka Redio

Mama alikuwa analipa deni lisilopungua, na mtu pekee nyumbani aliyelijua hilo alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili.

Walimwita Redio kwa kusoma kwake haraka. Mama, fundi cherehani, hakujua kusoma, hivyo kila karatasi ilipitia kwa Redio. Zamani mkopeshaji alitoza riba ya ishirini kwa mia, na mama alithubutu kukopa elfu kumi tu, za uzi na vifungo. Riba ilipotangazwa kuwa kumi, mlango wa mkopeshaji ulijaa watu. Mama akakopa elfu hamsini za kitambaa cha sare za muhula ujao, akaweka cherehani dhamana, akawa analipa elfu tano kila Jumatatu. Redio aliusoma mkataba mbio mbio, mguu mmoja nje, wenzake wakimwita kucheza. Akaruka mstari mmoja: ile ishirini ilikuwa ya mwezi, hii kumi ilikuwa ya kila wiki.

Aligundua alipousoma tena mkataba, baada ya malipo ya Jumatatu ya tatu. Akaogopa, akanyamaza. Tangu hapo kila cherehani ilipolia, alitoka nje.

Jumatatu ya nane, mkopeshaji alipokea elfu tano zake, akaenda. Mama akapumua.

"Zimebaki Jumatatu tatu, mwanangu. Hamsini na tano inaisha."

"Mama, haiishi."

"Unasemaje?"

"Hizo tano ni riba tu, ya kila wiki. Hamsini yenyewe haijaguswa. Niliruka mstari."

Mguu wa mama ukakwama juu ya pedali. "Umejua lini?"

"Wiki ya tatu."

"We mtoto! Nami najigamba kwa majirani nina Redio! Kumbe redio yenyewe inakatakata."

Hakucheka mtu.

Kesho yake mama alirudisha kitambaa dukani, kikiwa bado hakijakatwa, akapewa elfu thelathini. Baiskeli ya Redio ya kwendea shule ikauzwa elfu ishirini. Mkopeshaji alizihesabu hizo elfu hamsini mara mbili.

"Mbona haraka, dada? Si ungechukua muda wako?"

"Muda wako ni ghali, kaka."

Njiani mama alisema, "Ukisikia riba, usiulize ni ngapi tu. Uliza ni ya muda gani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

Riba ilikula elfu arobaini. Ishirini na tano kati ya hizo zilikuwa za kunyamaza. Kitambaa kilitia hasara ya elfu ishirini. Baiskeli moja. Na hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwenda tu.