Aliyepokea: Mwenyewe

Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni, duka la mtandaoni lilituma ujumbe kwenye simu ya marehemu: "Mzigo umefika. Aliyepokea: Mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa na miezi saba kaburini.

Mjane aliusoma, akaenda jikoni, akapakua chakula sahani mbili. Jumamosi dada yake alimkuta haufungi tena mlango, eti mume asije akakuta kumefungwa. Dada huyo alikuwa polisi mstaafu, na jengo zima bado lilimwita Afande.

"Cherehani aliniagizia wiki ile ile aliyofariki," mjane alisema. "Kila nikiuliza, wanasema iko njiani. Juzi nimetoka kwenda sokoni, yeye kaja, kapokea, kaondoka. Tazama miguu."

Picha iliyokuja na ujumbe ilionyesha boksi sakafuni, na miguu ya mwanamume ndani ya ndala zilizoshonwa kwa uzi mwekundu. Afande alizitambua. Ndala zile za marehemu alimwona dada yake akizishona.

Akapiga simu dukani. Ikajibu sauti ya mashine, tamu kama asali: "Kwa malalamiko, tafadhali mwenyewe awasiliane nasi."

"Mwenyewe amekufa, ewe bati!"

"Asante. Mwenyewe awasiliane nasi."

"Umesikia?" mjane alinong'ona. "Hata wao wanamsubiri."

Hapo Afande aliogopa kwelikweli. Boksi si kitu. Dada yake ndiye aliyekuwa anaibwa, kidogo kidogo.

Jumatatu saa tatu asubuhi alimbana dereva wa pikipiki aliyeleta mzigo.

"Umemuuzia nani?"

"Haki ya Mungu, mama, sijauza! Nilibisha hodi, kimya. Nikaita jina kwa sauti. Mtu akaitika 'naam' huku anashuka ngazi. Nikamuuliza, wewe ndiye mwenyewe? Akasema ndiye."

"Kitambulisho je?"

"Mama, nina mizigo sitini kwa siku. Akiitika, ndiye."

Anashuka ngazi. Afande akarudi mbio kwa dada yake. "Nguo na ndala za marehemu aligawa nani?"

"Shemeji. Mimi nilikuwa nalia tu."

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikaa ghorofa ya juu ya mjane; dada wawili wakapanda. Mlangoni kwake kulikuwa na ndala, uzi mwekundu. Ndani, juu ya kabati, boksi halijafunguliwa.

"Siku za mwizi ni arobaini," Afande alisema. "Wewe hata tano hukufika. Hukuliuza, hukulifungua. Ulilitakia nini?"

Mwanamume akaketi, akamtazama mjane. "Tuligombana, sikwenda kumwona hospitali. Tangu azikwe hakuna anayelitaja jina lake, ni marehemu, marehemu. Siku ile nikasikia mtu analiita, kama vile yumo ndani anachelewa kufungua. Shemeji, nilishindwa kuliacha bila kuitikiwa. Nikaitika. Halafu nikasikia unampakulia chakula, nikaona aibu kusema."

Mjane alilishusha boksi kabatini. Akalirarua. Ndani mlikuwa na cherehani ya rangi ya waridi, saizi ya ngumi, na maandishi: Kwa watoto wa miaka mitatu.

"Loo!" Afande alisema. "Kwenye picha yao ya tangazo ni kubwa kama meza."

Mjane akacheka, mara ya kwanza kwa miezi saba. "Mara ngapi nilimwambia, soma vipimo, baba, soma vipimo!" Kicheko kikageuka kilio. "Ndiye. Ndiye mwenyewe huyu."

Jioni alifunga mlango kwa komeo. Ile sahani ya pili akampa shemeji. Afande alikuwa anavaa viatu aende zake, simu ya marehemu ikalia mezani: "Mpendwa mteja, umeipenda bidhaa yako?"

Hakuna aliyeishika. Waliitazama wote watatu, wakimsubiri mwenyewe ajibu.