Mgeni Anayegonga Kutoka Ndani

Kitendawili. Najua mmesema tega. Haya: wageni wote hugonga wakiwa nje, wangu hugonga akiwa ndani. Mkishindwa msinipe mji, sina pa kuuweka. Someni tu, jibu mtalikuta njiani.

Mwanangu alikuwa dereva wa teksi. Maradhi yalimchukua, akatuachia gari lake kuukuu la rangi ya maziwa. Mkewe alilia mpaka macho yakavimba, kisha akajifunga kibwebwe, akashika usukani. Kila alfajiri alifuta vioo, akanywa chai amesimama, akatoka. Tulikula kwa gari lile. Likisimama, na sufuria inasimama.

Nyumba yetu iko juu ya mlima. Jioni, gari likipanda, nilianza kusikia mlio: ka-ka-ka, kama kokoto ndani ya kopo. Kila wiki mlio ulizidi.

"Mwanangu, gari linalalamika," nilimwambia mkwe wangu tukipakua chakula.

"Liache, mama. Limefiwa. Sisi hatulalamiki?"

Nikamwongezea mchuzi.

Mtaa wa pili kuna fundi magari, rafiki wa mwanangu tangu utotoni. Tunamwita Grisi, maana hata siku ya harusi yake kucha zilikuwa nyeusi. Siku moja alikuja kutujulia hali, akalikuta gari linapanda mlima. Alisimama pembeni, akatega sikio. Mkwe wangu alipoteremka, akamwambia:

"Shemeji, hiyo injini inakufa."

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Salamu baadaye. Fungua boneti."

"Hapana." Mkwe wangu alisimama mbele ya gari kama mama anayemkinga mtoto. "Aliyeitengeneza mara ya mwisho ni yeye. Mkono wake bado umo humo. Usiguse."

Grisi hakubishana. Alikaa mlangoni, akaomba maji, akanywa.

"Nami nimemzika, shemeji. Jeneza nililibeba kwa bega hili. Niruhusu nichomoe plagi moja tu. Ukishaiona, amua mwenyewe."

Injini ilipopoa, aliichomoa plagi akaiweka kiganjani. Ncha yake nyeupe ilikuwa imemeguka, na imerukiwa na vidoa vinavyong'aa.

"Vidoa hivi ni vipande vya pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini. Inaliwa kidogo kidogo. Siku ikitoboka, hamna gari tena."

"Nani anaila?" nikauliza.

"Moto, mama. Umewahi kusukuma bembea?"

"Niliwasukuma wewe na rafiki yako mpaka mgongo ukapinda."

Alicheka, kisha machozi yakamlenga. "Basi unajua. Ukisukuma bembea inapokwenda, inaruka vizuri. Ukisukuma ingali inakuja, inakuumiza mikono. Pistoni inapanda, inabana hewa na petroli. Plagi inatoa cheche, moto unaenea, unaisukuma ishuke. Lakini joto likizidi, petroli iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo unaipiga pistoni kama nyundo. Ndio mlio mnaousikia."

"Mbona wakati wa mume wangu haukuwapo?" mkwe wangu akauliza.

"Alitega cheche iwahi kidogo, gari lipate nguvu. Lakini alinunua petroli ya daraja la juu, inayovumilia kubanwa. Wewe unanunua wapi?"

"Ya chupa, pale njia panda."

"Ile wanachanganya mafuta ya taa. Haivumilii kitu. Na mlima unapanda na gia ya ngapi?"

Alitazama funguo mkononi.

"Ya nne."

"Dereva kama wewe? Mlima ule? Unaitwisha injini mzigo inaoushindwa."

"Najua." Alizifumbata zile funguo. "Mume wangu alikuwa akirudi hapigi honi. Anagonga mlango kwa funguo. Ka-ka-ka. Siku ya kwanza gari lilipogonga mlimani, moyo uliniruka. Nikagundua nikiweka gia ya nne na kukanyaga mafuta, linagonga. Basi kila jioni naliacha ligonge."

Grisi alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa alikwisha kuifuta. Nami nilimshika mkwe wangu bega.

"Mwanangu, anayegonga humo si yeye. Yeye aligonga afunguliwe. Hili linagonga linakufa."

Alilia sana. Kisha akatoka mbele ya gari.

"Fungua, shemeji."

Grisi alirudisha cheche kwenye alama ya kiwanda. Alikwangua masizi ndani ya injini, maana masizi yakipata moto huwasha petroli hata kabla ya cheche. Alitia plagi mpya, akaangalia maji ya rejeta, kwa kuwa injini ikichemka hugonga upesi.

"Pistoni imejeruhiwa, haijatoboka," alisema. "Mmewahi. Sasa nunua petroli kituoni, ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari. Mlimani punguza gia mapema. Ukisikia linagonga, legeza mguu. Likiendelea, niite. Usifungue redio kuufunika mlio."

Kesho yake jioni nilikaa sebuleni nimetega sikio. Mlima ulikuwa kimya. Nilijua kimya kile ndio uzima wa gari letu, na bado machozi yalinitoka. Ndani ya injini hakuna mgeni tena.

Mara mlangoni: ka-ka-ka.

Nilisimama na miguu yangu hii mibovu, nikafungua. Alikuwa mkwe wangu, funguo mkononi, macho mekundu.

"Limepandaje?" nikamuuliza.

"Kama linateleza, mama. Gia ya pili."

Gari lile linapanda mlima mpaka leo, na sufuria yetu haijasimama. Ufunguo wa nyumba anao mfukoni. Lakini kila jioni anagonga kwanza, nami naenda kumfungulia.