Hesabu Hadi Tano

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hilo tulimalize mapema tusije tukagombana mbele ya safari. Alikuwa kwenye foleni ya fotokopi, asubuhi, duka limejaa wanafunzi, makarani na mama mmoja mwenye bahasha kumi na moja, wote wanapumuliana shingoni. Alikuja kuchapisha majina ya watoto ya kubandika kwenye vijisanduku vya nguo. Alikuwa mlezi, mwanamume pekee katika kituo cha kulelea watoto wadogo, na wenzake walimwita Redio kwa sababu moja tu: hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililopauka magotini tu, mahali ambapo gauni la mtu mzima halina sababu ya kupauka. Karatasi ikamponyoka. Redio akaiokota. Kumpa angempa, ila macho yalitangulia na mdomo ukafuata.

"'Mtoto akisema, subiri,'" akasoma kwa sauti ya mtangazaji. "'Hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla hujajibu.' Jamani, siku hizi hata kunyamaza kuna mafunzo? Na cheti mnapewa?"

Foleni ikacheka. Mwanamke akanyoosha mkono, akangoja. Ukimya ukamwasha Redio kama upupu. Akasema alikuwa anatania. Akasema yeye mwenyewe ana watoto kumi na wanne, yaani si wa kuzaa, wa kulea, na wote wanampenda. Akasema gauni ni zuri. Akasema jua limeanza kuwa kali. Alipoishiwa pumzi, mwanamke akaichukua karatasi yake.

"Ishirini na mbili," akasema.

"Ishirini na mbili nini, dada?"

"Sentensi. Nilikuwa nahesabu."

Kesho yake mwenye kituo akawakusanya walezi kwenye chumba cha kulia, akamtambulisha mkufunzi aliyekuja kuwafundisha namna bora ya kuzungumza na watoto. Gauni lile lile la kijani. Redio akajificha nyuma ya mama mpishi, ambaye ni mpana, lakini si kwa kiasi hicho.

Mkufunzi hakuja na hotuba. Alikuja na kamera ndogo. Alimrekodi kila mlezi kwa dakika kumi akiwa na watoto, kisha akaketi naye pembeni waitazame pamoja, naye akauliza swali moja tu: umeona nini? Redio alikwenda kifua mbele. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Kwenye kioo cha kamera akajiona saa ya watoto kulala mchana, akimfunika binti wa miaka minne ambaye pale kituoni hakuwahi kusema neno wala kupata usingizi. Kila mtu alimwita Kimya.

"Umeshiba?" alikuwa anamuuliza kwenye picha. "Umeshiba. Blanketi lako hili hapa, la bata. Unampenda bata? Anampenda bata wake huyu. Sasa tunalala, sivyo? Tunalala."

Maswali arobaini na matatu. Arobaini na moja aliyajibu mwenyewe. Mkufunzi akasimamisha picha pale Kimya alipofungua mdomo, kisha pale alipoufungua tena. Mara zote mbili sauti ya Redio ilipita juu yake kama lori la mchanga.

"Na yale mawili?" akauliza Redio, akitafuta pa kushika. "Si yalijibiwa?"

"Moja alilijibu mama mpishi akiwa jikoni. La pili simu yako iliita."

Alinuna siku tatu. Siku ya nne akampigia mkufunzi simu kumweleza kwa nini amekosea. Alimweleza kwa dakika arobaini, na mwenzake akaiweka simu kando ya ubao, akakata vitunguu, akavikaanga, akala, akaosha sahani. "Nipo," alikuwa anasema kila baada ya muda. Wiki iliyofuata Redio alipiga tena, safari hii bila hoja yoyote. Mapenzi mengine huanza kwa jicho; haya yalianza kwa ubishi.

"Redio wangu, leo taarifa ya habari imefika wapi?" mkufunzi alikuwa akimuuliza jioni.

"Michezo, mpenzi. Hali ya hewa bado."

Mkufunzi akacheka, na kicheko hicho kikamharibu Redio kabisa. Akaanza kujifunza kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Akapiga magoti awe sawa na macho ya mtoto, suruali yake nayo ikapauka. Kungoja ndiko kulikomshinda. Alifika mbili, mara chache tatu, kisha mdomo ukafunguka wenyewe kama mlango usio na komeo.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, akaingiwa na hofu. Mkufunzi angehamia kituo kingine, na kituo kingine kina walezi wengine, tena huenda wasiosema sana. Akamwalika kwenye mgahawa wa ghorofani, meza ya dirishani. Mkufunzi alivaa nguo ya bluu iliyomfanya mhudumu akosee kumimina maji. Redio akaweka kofia yake mezani, akasema lile alilokuja kusema.

"Mpenzi, utakubali nikuoe?"

Mkufunzi akashusha kikombe. Akafungua mdomo.

"Najua," akasema Redio. "Ni mapema. Na wewe una shahada, mimi ni mfunga vifungo vya watoto wa watu. Mama yako hata hajaniona. Ningekuwa wewe ningekataa pia. Basi, nimeelewa, usijisumbue."

Akainuka, akaondoka, kofia ikabaki mezani. Mkufunzi alipiga simu jioni ile. Redio akapokea, akasema hana kinyongo, akamtakia heri, akakata. Mkufunzi akapiga tena mara mbili, simu ikaita mpaka ikachoka.

Wiki mbili Redio alizunguka kituoni kama mwenye msiba, na kila aliyemuuliza akasimuliwa jinsi alivyokataliwa. Mama mpishi alivumilia mara nne. Mara ya tano akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, alisema hataki?"

"Hakusema kitu, mama."

"Ulimpa muda gani wa kusema?"

Redio akaanza kueleza. Mama mpishi akauchukua mwiko wake, akamgeuzia mgongo.

Mchana huohuo akaenda kuwalaza watoto. Alikuwa amechoka na sauti yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu azaliwe. Akapiga magoti mbele ya Kimya na blanketi mkononi.

"Unampenda bata?" akauliza, kwa mazoea tu, kisha akasahau kujibu.

Moja. Mbili. Tatu. Mtoto akamtazama, akatazama mdomo wake, kama anayengoja mvua ianze. Nne. Tano. Sita. Saba.

"Bata ananiangalia," akasema Kimya.

Redio akaligeuza blanketi. Bata alikuwa na jicho moja, jeusi, kubwa kuliko kichwa chake. Kila mchana, tangu mtoto huyu aje, alimfunika kwa kitu kinachomtisha, akamuuliza kama anakipenda, akamjibia kwamba anakipenda sana. Akaenda kabatini bila kusema kitu, akarudi na mablanketi mawili, akangoja. Kidole kikaelekea la bluu. Dakika tano baadaye Kimya alikuwa amelala fofofo. Redio alibaki kwenye magoti yake akiufikiria ule mdomo mwingine uliofunguka mezani, juu ya kikombe.

Siku mbili baadaye mkufunzi akaja kurekodi kwa mara ya mwisho. Alikuja na kamera begani na kofia ya Redio mkononi. Alirekodi dakika zake kumi mlangoni, watoto wakifunikwa mmoja mmoja, Kimya kwa blanketi lake la bluu, kisha akazima kamera, akaja kupiga magoti kando yake. Wakaanza kunong'ona.

"Maswali sita," akasema mkufunzi. "Yote yamejibiwa na watoto wenyewe."

"Lile la mgahawani nililijibu mimi," akasema Redio. "Nilikosea. Jibu lako lilikuwa nini?"

"Lilikuwa ndiyo."

"Lilikuwa? Na sasa?"

"Sasa nimekasirika. Wiki mbili nabeba kofia ya mtu aliyejikataa mwenyewe."

Redio akasema kama mkufunzi angelisema hilo siku ile, mambo yangeisha. Mkufunzi akamuuliza yeye angelisema wapi, kati ya shahada na vifungo au kati ya vifungo na mama yake. Redio akasema angemkatiza. Mkufunzi akasema yeye hakatizi watu, na kama hajaona hilo kwa miezi mitatu basi mafunzo yamepotea bure. Minong'ono ikaanza kupanda. Kichwa kimoja kikageuka kwenye mto.

Redio akavuta pumzi.

"Utakubali nikuoe?"

Akafunga mdomo. Moja, mbili, tatu. Mkufunzi naye akamtazama bila kupepesa. Tano. Nane. Jasho likamtoka chini ya mikunjo ya shati. Kumi na moja.

"Unangoja nini?" Redio akanong'ona mwishowe.

"Nangoja nione kama utajijibu tena."

"Sijijibu. Nahesabu."

"Na mimi nahesabu."

"Sasa tutahesabu mpaka lini, mpenzi?"

"Aliyeanza kuharibu ni nani?"

Blanketi la bluu likainuka. Kichwa cha Kimya kikachomoza, nywele zimesimama, macho yamefumbwa nusu.

"Anti," akasema, "mwambie ndiyo, tulale."