Pantoni Iliyokaa Chini Majini

Msiniulize kama naamini uchawi. Baba mkubwa wangu, Kasongo, hakuamini, na oneni yaliyomkuta.

Mwaka sabini na nne tulikuwa tunahamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Mwamgongo. Huko hakuna barabara, ni ziwa tu. Wenzake wakamtuma baba mkubwa ufukweni kule Kasingirima akachague pantoni ya kutuvusha, maana mjuzi wa vyombo alikuwa yeye. Asubuhi njema, ziwa limetulia, watu wanaanika dagaa.

Nikodemu, muuzaji, alikuwa nazo mbili, kila moja mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao juu. Fundi mmoja, rangi moja, hata misumari sawa. Zote tupu. Lakini ya kushoto ilikuwa imezama zaidi, vidole vinne.

Kwetu chombo kinachokaa chini ni cha mbao nzito, hakichezewi na mawimbi. Baba mkubwa akaipiga kofi ubavuni. "Hii."

Nikodemu akamsogelea, akanong'ona, "Mzee, nakuomba. Chukua ile nyingine."

"Kwa nini?"

"Chukua tu, Mzee."

Loo! Baba mkubwa alicheka sana. Muuzaji akikusukumia kitu, ujue kizuri anajiwekea. Akachukua ya kushoto.

Kesho yake ikabeba familia yake kwanza: mkewe Marsiana, mimi, na Dunia, binti yao wa pekee, waliyemngoja miaka tisa. Tukapanda na masufuria na mikeka yetu. Haikuzama hata kidole.

"Mnaona chombo?" baba mkubwa akajisifu.

Katikati ya safari Dunia akasema, "Mama, wanasema nisogee."

"Nani?"

"Hawa waliokaa."

Marsiana akamshika mkono kwa nguvu. Makasia yakawa mazito. Mimi niliogopa hata kugeuka.

Halafu Marsiana akapiga kelele. Mkono wake ulikuwa bado umefumbwa. Mtupu. Hatukusikia kitu kuanguka majini.

Walimtafuta siku tatu. Baba mkubwa hakula, alirudia neno moja tu: "Niliambiwa. Niliambiwa."

Pantoni ikavutwa juu mchangani, mbali na maji. Jua la Agosti likaikausha mpaka mbao zikapasuka. Isipokuwa pale Dunia alipokuwa amekaa. Pana unyevu, upana wa mtoto.

Marsiana sasa ni bibi kizee. Kila asubuhi hupafuta kwa kanga yake, akaikamua, na maji yakatoka.